Nta Ndani ya Gia

Barua ya halmashauri ilisema: mnara chakavu, mali ya kale.
Watoto wa Sikonge huiita Feni tu.
Feni ya misheni. Mapanga kumi na manane,
yaliyobaki kumi na moja, na mkia
wenye matundu ya manati na tundu moja la risasi
ambalo kila ukoo unadai ni wake.

Nilipanda asubuhi, spana kiunoni.
Mihayo chini, ameshika kamba na maoni yake:
"Fundi, si tuikate? Chuma kizito hicho,
Tabora mjini wananunua kwa kilo."
Kipandio cha sita kilimegeka chini ya kiatu
kama udongo wa kichuguu. Sikumjibu.

Juu, kabla sijagusa nati hata moja,
nikasikia gia inanguruma.
Upepo hakuna. Breki imefungwa kwa mnyororo.
Inanguruma.
Nilishuka upesi kuliko heshima yangu.

Kalekwa alikuja jua likizama,
kienge cha magome mkononi, mzinga mtupu mgongoni.
Alikataa kamba. Alipanda akiongea Kinyamwezi,
si na sisi,
sauti ya mtu anayewaeleza wapangaji
kwamba mwenye nyumba amerudi.
Saa tatu usiku ndoo mbili zilikuwa chini:
asali nyeusi, harufu ya miombo na ya oili.
Mihayo akaonja. "Dizeli," akasema.
Akaonja tena.

Kesho yake nilifungua kifuniko
nikiwa nimeshajiandaa kwa kutu.
Tangu misheni ilipohama hakuna aliyetia oili humu,
hakuna hata aliyeuliza.
Nikapitisha kitambaa: nta.
Nta kwenye kila jino la gia, nta kwenye ekseli,
njano, nyembamba, kama siagi iliyopakwa na bahili.
Na chini yake chuma kikawaka
kama kimetoka kiwandani jana.

Nilikaa pale juu nikishangaa, miguu inaning'inia.

Halafu nikaona bushi.
Mahali pa shaba palikuwa na mti: mninga,
umechongwa kwa kisu, umekunywa mafuta mpaka ukawa mweusi,
na ndani ya kifuniko maandishi ya msumari:
YORAMU 1967. SAMAHANI SHABA HAIPO.

Nilipima mara mbili.
Mti ulikuwa umelika unene wa ukucha.
Bushi mpya ya shaba niliyochongesha Mwanza
ilikuwa mfukoni mwangu, imefungwa kwenye gazeti.
Bado iko mfukoni.
Nikatafuta msumari, nikaandika chini ya maneno yake:
HAKUNA NENO.

Mapanga saba tumeyakata kwenye bati
la darasa lililobomolewa, bado lina rangi ya samawati,
na moja lina nusu ya hesabu ya mtu: saba mara nane.
Afisa utamaduni alitaka tupake fedha yote ifanane.
Nikamwambia, mwenye kiraka ana nguo.
Hakucheka, lakini hakuleta rangi.
Ngozi za pampu alizikata fundi viatu wa sokoni,
ng'ombe wa Igunga, zimelala siku tatu kwenye mafuta.

Upepo ulikawia siku kumi na moja.
Ulipokuja, Feni iligeuza mkia taratibu,
kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolitumia siku hizi.
Bomba lilikohoa mchanga, likatapika maji mekundu,
likanyamaza (Mihayo akanitazama),
likatoa maji.

Si maji mengi. Kijiji kina pampu ya sola,
hakuna mama aliyemwaga ndoo yake kukimbilia hapa.
Yanajaza birika moja, wanakunywa punda
na, tangu Jumanne, nyuki,
wamejipanga ukingoni, matumbo yanadunda.

Kalekwa ameahidi bonge la nta kila msimu.
Fomu ya makabidhiano ina kisanduku: aina ya kilainishi.
Nimejaza. Imerudi
na alama ya kuuliza ya wino mwekundu.
Nimeirudisha vilevile.