Pedali ya Nne

Kufuli lilikataa ufunguo. Nikalikata.
Stoo namba sabini na moja, nje kidogo ya Ocala,
Agosti ya Florida, bati linalia ta, ta kwa joto,
na ndani, nyuma ya godoro nisilolitambua,
sanduku jeusi la Mjomba Lemuel.

Miaka kumi na tisa.
Kodi nililipa mimi, mwezi kwa mwezi,
na sikuja hata mara moja.

Mimi ni fundi cherehani. Mtaa mzima wanajua:
mashine ikikwama, mpelekee Verdell.
Basi nilipofungua sanduku sikutishika.
Hili nalo ni meza yenye miguu minne,
pedali chini, chuma juu,
nyuzi kumi badala ya uzi mmoja.

Nyigu walikuwa wamehamia. Vyumba vya udongo
vimepangana penye springi, vingine na milango wazi.
Nyuzi zimeota kutu mpaka zina manyoya.
Halafu kuna mtu, zamani, alinyunyiza mafuta
kwa nia njema,
na mafuta yakageuka gundi.
Nia njema hiyo imenipa kazi ya wiki mbili.

Nilifumua yote. Kila nati kwenye kikopo cha mtindi,
kila kikopo na jina lake:
*goti la kushoto*, *goti la kulia*,
*sijui*, *sijui tena*.
Mswaki, mafuta ya taa, fulana ya marehemu mume wangu.
Uchafu ulitoka mweusi, kisha kahawia,
kisha rangi ya chai ya mgonjwa,
na usiku wa nne chuma kikanionyesha pua yangu.

Kanisani kwetu mchungaji alipoishiwa maneno
alimtazama Mjomba, na gitaa likamalizia sentensi.
Dada Easter alikuwa amekwisha lia
kabla chuma hakijafika noti ya tatu.
Wavulana walipanga foleni kujifunza.
Sisi tukaambiwa: matari hayo hapo.
Nikapiga tari. Nilipiga vizuri, pia.

Sasa hii pedali ya nne.
Juu yake kimepigiliwa kibao cha msonobari,
misumari mitatu, mmoja umepinda,
kimevishwa kipande cha mpira wa kumwagilia bustani.
Nikasema, fundi gani huyu mchafu?
Nikashika koleo.
Nikabana msumari wa kwanza.

Kimo chake.
Kimo cha kiatu cha mtoto wa miaka saba
asiyefika sakafuni.

Jumatano, baada ya shule, kanisa tupu,
harufu ya nta na vitabu vya nyimbo,
mimi kwenye ncha ya kiti chake, ubavuni kwake:
*Kanyaga, Verdell. Polepole.
Sasa achia, kama unamlaza mtoto
asijue amelazwa.*
Yeye juu na chuma chake, mimi chini na noti moja,
inapanda, inashuka, inapanda.
Nilidhani ananichezesha tu
mpaka mama atoke kazini.

Na Jumapili? Jumapili alikaa hapohapo
mbele ya watu mia mbili, na kibao kikiwa hapohapo,
akikunja kifundo cha mguu kukikwepa.
Baada ya ibada alichechemea hadi garini.
Tulisema ni yabisi. Tulimpaka mafuta ya kafuri.
Hakusema kitu. Aliinua suruali, akashukuru.

Koleo nimelirudisha kwenye droo.

Nimefunga nyuzi mpya. Ule wa tatu, mwembamba,
ulikatika Ijumaa, ukakatika tena leo,
ukanichora mstari mwekundu kidoleni.
Nimeagiza dazeni.
Vile vikopo viwili vya *sijui* bado vimejaa,
na gitaa linalia hata hivyo; sielewi, siulizi.

Mguu wangu sasa ni saizi kumi.
Kibao kinanizuia kweli.
Nakunja kifundo, hivi,
na kinauma.