Siku ya Mbali

Saa kumi na moja jioni, Tartu. Theluji imechoka kuwa nyeupe,
na kwenye skrini mstari mmoja mwekundu
chini ya mia nne na kumi na moja ya kijani.

Si msimbo wangu uliofeli.
Wala si maktaba niliyoichagua mwenyewe.
Ni maktaba ya maktaba ya maktaba,
mgeni wa mgeni wa mgeni wangu,
aliyeingia kwa mlango wa nyuma miaka saba iliyopita,
akala, akafua nguo zake, akanyamaza,
hata leo aliposema: hapana.
Na nyumba nzima ikakataa kujengwa.

Kaupo amekwisha vaa koti, funguo mkononi:
"Liruke hilo jaribio, Maarika. Ni neno moja tu.
Hospitali inangoja toleo kesho asubuhi.
Mia nne na kumi na moja yamepita. Moja ni nini?"

Neno hilo nililiandika. Sitajificha.
Likapepesa mwisho wa mstari, jepesi,
kama uongo anaoambiwa mtoto apate kulala.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa;
lakini ufa ulio katika nyumba ya mtu nisiyemjua,
ambayo paa langu limeiegemea?

Nikalifuta. Nikachemsha chai.
Nikashuka ngazi za msimbo mpaka chini kabisa,
mpaka kwa Endrik Soosaar,
aliyeandika mwaka elfu mbili na kumi na moja
kwamba siku ya mbali ni tarehe mosi Februari, 2026,
na pembeni, kwa haraka:
"Itatosha. Kufikia hapo nani atakuwa bado anatumia takataka hii?"

Nilicheka hadi Kaupo akavua koti aje kuona.
Maana leo ni tarehe tatu.
Siku ya mbali imefika, imetupita juzi Jumapili
nikiwa kwa mama napasua kuni,
na haikubisha hodi.

Basi lililozeeka ni jaribio, msimbo haukukosa.
Sogeza tarehe, funga kazi, nenda kalale.
Kwa mzaha nikaweka siku ya kuzaliwa ya mama,
ishirini na tisa Februari, mwaka wa ishirini na nane,
yeye anayeadhimisha mara moja kwa miaka minne
na kuapa kwamba ana miaka kumi na sita.

Nyekundu.

Tena nyekundu, na safari hii ya kweli.
Maktaba ilikuwa inaimeza siku hiyo nzima nzima:
mgonjwa wa figo aliyepangiwa Jumanne
inampeleka Jumatano, bila onyo, bila kosa kuandikwa popote,
na Jumatano kiti chake, karibu na dirisha,
kina mtu mwingine na mirija yake.

Kaupo akaketi. Hakuuliza tena moja ni nini.
Mistari miwili tu tuliyorekebisha, saa tano kasoro usiku.
Wala nisijisifu: kama ningeokota tarehe nyingine,
tarehe yoyote, ningelala usingizi mzuri
na kosa lingelala nami.

Endrik nilimtumia kiraka chake.
Siku kumi na moja, kimya. Kisha:
"Nimestaafu. Nafuga nyuki karibu na Võru.
Nimekipokea. Msalimie mama."

Siku ya mbali sasa haina tarehe.
Ni leo, jumlisha miaka kumi;
kila asubuhi tukiikaribia inarudi nyuma hatua moja.
Ile ya mama nimeiacha peke yake, jaribio la mia nne na kumi na tatu,
na pembeni yake nimeandika jina langu na namba ya simu,
ingawa najua namba za simu hufa
kabla ya msimbo.