Kitako cha Kasiki

Kwa siku, kiganja kimoja. Si zaidi.
Ukiongeza, udongo wa chini, ambao bado haujajijua,
hulemewa, hutoa tumbo, huketi kama mlevi,
na miezi mitatu imekwenda na maji.

Ndivyo alivyonifunza baba,
Otia wa Imereti, mfinyanzi wa makasiki
marefu kuliko mlango wa nyumba yetu,
ambayo watu huyazika ardhini mpaka shingo,
huyajaza zabibu, huyafunika,
na hakuna anayeyaona tena.

Nilimuuliza nikiwa na miaka tisa:
mbona unayalainisha hivyo, nayo yanakwenda kuzikwa?
Alitema ganda la alizeti.
"Lete kitambaa chenye maji," akasema.

Sikumbuki kusifiwa. Nakumbuka kifundo cha kidole chake
kikigonga ubavu wa kila nilichokijenga,
ngo, ngo, sikio lake karibu kama la daktari,
kisha kimya, kisha "Haya,"
na "haya" hiyo haikuwa na mlango:
huwezi kuingia ukakaa ndani yake.

Kaka yangu Zurabi alipata tatu za namna hiyo
akaenda zake Poti, bandarini, kuendesha winchi.
Mimi nilibaki. Si kwa uvumilivu,
msinivishe sifa isiyonienea.
Nilibaki kwa kiburi: nilitaka neno la pili.

Mwaka ule wa mvua tulilisha tanuri kuni za mwaloni
siku saba, usiku na mchana, tukipokezana usingizi.
Tulipobomoa ukuta wa tanuri,
langu lilikuwa na ufa kutoka mdomo hadi kitakoni,
mwembamba kama unywele.
Nikasubiri aseme.
"Kesho asubuhi udongo uwe umekandwa."
Mvumilivu hula mbivu, wasema;
sisi jioni ile tulikula maharage
na mkate wa jana.

Akafa Februari, neno la pili akaenda nalo.

Mwezi wa nane akaniita Bezhani wa bondeni.
Kasiki la marehemu babake, walilonunua kwetu
miaka thelathini iliyopita, lataka kuoshwa,
na mdomo wake hauyapitishi mabega yake.
"Wewe mwembamba," akasema. "Teremka."
Nikateremka na taa, na brashi ya maganda ya mcheri.

Mle ndani hewa ni ya divai
iliyonywewa kwenye harusi za watu walioachana.
Nikasugua kuta. Laini.
Laini hata mahali ambapo mkono wa mtu
hauna sababu ya kufika.
Nikainama mpaka kitakoni,
panapopungua hata goti halienei,
na brashi ikakwama.

Kishimo. Alama ya kidole gumba.
Si chake, chake kilikuwa kipana kama kijiko.
Hiki ni cha mtoto, kimejaa nta ya nyuki.
Alinipa nikishike kitako akanawe mikono,
nami nikakibonyeza, nione kama kitalia.

Yeye aliyelainisha hata giza
aliiacha alama ile.
Au hakuiona. Jioni zile taa yetu ilikuwa mbovu,
siwezi kuapa.
Niliipangua nta kwa ukucha, nikajaribu kuingiza gumba langu:
halikuingia.

Nikagonga ubavu kwa kifundo.
Ngo.
Kasiki lilijibu kwa sauti ndefu, nami nimo ndani yake
kama ulimi wa kengele.

"Kuna ufa?" Bezhani aliuliza kutoka juu,
uso wake umeziba mbingu yote iliyokuwepo.
"Hakuna."
"Basi, linafaa?"

Nilikawia.
"Haya," nikasema,
nikaomba ndoo nyingine ya maji.