Daftari la Siku Tatu

Walinipa jagi lenye mistari myekundu
na daftari dogo, kalamu imefungwa kwa uzi.
"Tunatafuta watu wazima walio wazima,"
alisema nesi Foibe. "Wagonjwa tunao.
Mzima ndiye hatujui yukoje."
Nikacheka. Nikatia saini.

Siku ya kwanza, saa kumi na moja alfajiri:
mililita mia nne na themanini.
Foleni ya choo, nyumba ya vyumba tisa, Mtoni.
Mama Shomvi akaniona na jagi,
akauliza siku hizi nauza juisi?
Nikaandika kwa tochi ya simu, nikamwaga, nikasuuza.

Kisha mchana.
Kibanda changu cha uwakala kipo Tandika,
upana wake mlango mmoja,
na pesa za watu hazina mlinzi mwingine.
Choo cha sokoni shilingi mia tatu;
wateja watakaoondoka nikienda, sijui bei yao.
Kwa hiyo sinywi. Mwaka wa sita huu sinywi.
Chupa ya maji imekaa kando ya mashine
kama mgeni asiyeambiwa karibu.

Saa nne? Kistari.
Saa sita? Kistari.
Saa nane haja ilibisha hodi,
nikaiambia ngoja, nahesabu laki mbili za mtu.
Ikangoja. Ina adabu kuliko wapangaji wenzangu.
Safu ya mwisho inauliza:
ulibanwa kiasi gani, sifuri hadi tatu?
Namba ya aliyezoea haipo.
Nikaandika moja.

Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua.
Mimi sina maradhi. Nina kibanda.

Saa moja na nusu usiku, nyumbani:
mia sita na hamsini.
Nikalitazama jagi chini ya taa,
weusi wa chai ya rangi iliyochacha,
nikashangaa kwamba hiki chote nilikibeba
huku natabasamu, nasema karibu tena.

Siku ya nne nikarudisha.
Foibe akajumlisha kwa kikokotoo,
akanyanyua macho, akayashusha.
"Uko ndani ya kawaida.
Wenzako wa Tandika, wa Buguruni, karibu wote hivi hivi."
Nikamuuliza: kawaida ya kibofu,
au ya choo kuwa mbali?
Akaandika kitu pembeni mwa karatasi,
pale pasipo na mistari.

Nikapewa nauli na mche wa sabuni.
Getini nikanunua maji, nusu lita,
nikayamaliza nimesimama,
kisha nikaanza kuhesabu vyoo
hadi nyumbani.