Kaliba

Imefika Liwale ndani ya kasha jeusi la plastiki,
siku tatu njiani toka Nachingwea, matope ya Machi:
kitako kimoja, namba moja, mitutu miwili.
Dereva kachukua saini yangu, kacheka:
"Mama, hii bunduki au seti ya masufuria?"

Leja ya ghala ina safu iliyoandikwa KALIBA,
upana wake kidole gumba.
Aliyeichora aliamini chuma hakibadili dini.

Mimi ni binti wa fundi magobore.
Gobore la baba halikuuliza kaliba ya kitu.
Lilikula misumari, goroli za baiskeli,
vipande vya nondo za zahanati iliyokuwa ikingoja paa.
Mwaka wa njaa lilikula kitasa cha mlango wetu:
tukalala tumefunga kwa kamba ya katani,
tumeshiba ngiri.
Mwaka uliofuata likala vidole vyake viwili.
Ndiyo maana napima.

Natandaza mezani gunia la korosho lililofuliwa.
Mtutu mwembamba unatoka, wa mazoezi, wa kutoboa makopo;
unaingia mnene, wa tembo.
Komeo nalo linataka kichwa chake, magazini yake.
Hakibaki cha zamani ila kitako, kifyatulio,
na shavu litakalolala hapo.

Halafu vipimo viwili, vidogo kama vya kuchezea:
mmoja anaitwa Pita, mwenzake Usipite.
Pita lazima apite. Usipite lazima agome.
Nimeolewa mara mbili
wala sikupewa vipimo hivi.

Bakili Ngayonga anangoja mlangoni, kofia mkononi.
Miaka kumi na moja aliwinda pembe ng'ambo ya mto;
akafungwa, akatoka, akavishwa sare ya kijani
kwa kuwa hakuna anayejua njia za tembo kama yeye.
Barikiwa wanasema, mtu wa kaliba ile habadiliki.
Mimi naangalia bega: ni lile lile.
Jicho la kushoto linafumba vile vile.

"Mfukoni?" namuuliza, kama kila jioni,
maana risasi ya huku ikiingia kule
anayeanguka si tembo.
Anatoa ming'oko ya kuchemsha, imefungwa kwenye jani.
Betri moja.
Kipande cha kioo.
Risasi mbili za mtutu mwembamba.

Kimya. Mende akapita juu ya leja.
"Za mazoezi ya juzi," anasema. "Nilisahau."
Mbili. Mtutu mwembamba hautishi tembo,
ila swala wawili unawatosha,
na swala wawili ni ada ya mtoto kidato cha tatu.
Sikusema hayo. Nikazihesabu, kana kwamba mbili zahitaji kuhesabiwa.

Simu ikalia mara ya tatu. Barikiwa tena:
tembo saba katika mahindi ya Bi Somoe Nampinga,
anawapigia debe, nao wanatafuna kwa mdundo wake.

Nikampa bunduki. Nikampa tano nene.
"Ya kwanza hewani."
"Hewani," akaitikia, pikipiki ikamezwa na giza.

Usiku huo sikulala, nilichambua mbaazi.
Mara moja, mbali, kitu kilipasuka.
Nikangoja cha pili, mpaka jogoo.

Asubuhi akaja na nne, na ganda moja tupu,
na mahindi mawili mabichi kutoka kwa Bi Somoe.
"Wameondoka," alisema. Viatu vyake vilikuwa na tope hadi gotini.
Nikanusa ganda. Nikamtazama.
Kama ningekuwa na Pita na Usipite wa kifua cha mtu
ningevisukuma pale pale, mbele ya meza.

Nikafungua leja.
Safu zote nikaandika kwa wino: tarehe, namba, nne, moja.
Ile nyembamba, ya kidole gumba,
nikaiandika kwa penseli,
tena taratibu, nisije nikatoboa karatasi.