Dozi ya Mwanga

Kimweri, muuza taa wa Mtaa wa Livingstone, Kariakoo,
aliniwashia saba kwa mpigo
ukuta ukawaka kama ukumbi wa harusi.
"Chukua hii, mzee. Wati mia na sitini na tano.
Wenye hoteli wote wanaichukua hii."
Nikamuuliza: mwanga wake unashuka mpaka kina gani?
Akasema: bei ndiyo inashuka.

Mimi nimekaa chumba cha eksirei miaka ishirini na tisa.
Nimevaa aproni ya risasi mpaka bega likainama,
nimewaambia watu: usipumue.
Sasa pumua.
Naujua mwanga unaopita nyama ukaacha mfupa,
na najua kuwa kosa la kuzidisha
halipigi kelele siku ile ile.
Lakini kipya kinyemi.
Nikailipia, nikaipakata kwenye bajaji hadi Upanga
kama mtu aliyetoka wodi ya wazazi.

Hodhi langu lina lita mia na kumi,
limekaa ubavuni mwa kabati la vyombo.
Chumvi nimeipima mara tatu. Pampu inakoroma.
Vipande vya matumbawe ni vitatu tu, vya kitaluni:
uyoga wa zambarau, ngozi ya kahawia,
na nyota za kijani zilizoshika jiwe kama ukoga.
Nikawasha.
Sikudhani, mke wangu, akatoka jikoni na mwiko mkononi:
"Sebule imekuwa sheli. Nani anajaza mafuta?"

Siku ya nne uyoga ulijikunja
kama kiganja kinachoficha sarafu.
Siku ya sita ngozi ilikuwa na rangi ya ukuta wa zahanati.

Ndani ya nyama zao wamo wapangaji,
mwani, wadogo kuliko chembe ya poda.
Hula mwanga, hulipa kodi kwa sukari.
Ukiwachoma wanafungasha usiku bila kuaga,
na mwenye nyumba anabaki mweupe, ana njaa,
mlango wazi.
Nilisimama mbele ya kioo nikajiona mwanagenzi,
mimi niliyewafokea wanagenzi kwa sekunde moja ya ziada.

Kimweri hakurudisha pesa. Alibadilisha.
Akanipa taa fupi, urefu wa rula mbili,
yenye vifundo viwili vya kuzungusha:
nyeupe kwa ajili ya macho yangu,
buluu kwa ajili yao.
Maana nyekundu huchoka mapema majini,
mita chache tu imeishiwa,
buluu ndiyo huendelea kushuka
mpaka kwa waliokaa chini.

Nimeining'iniza kwa waya, sentimita arobaini juu ya maji.
Wiki ya kwanza, saa nne kwa siku, asilimia ishirini.
Saa ya kuzimia naitega mwenyewe, simwachii mtu.
Ukutani nimechora alama kwa penseli,
kama tulivyompima Mwanakheri alipokuwa anarefuka,
ila hii huenda ikashuka pia.

Halafu Jumanne ile Luku ikasoma sifuri.
Sikudhani yuko Mbagala kwenye arobaini,
simu yangu haina salio wala chaji.
Giza halikuwadhuru, giza ni haki yao kila usiku.
Kilichonitisha ni ukimya wa pampu.
Nikachukua kata ya plastiki,
nikachota, nikamwaga kutoka juu,
nikachota, nikamwaga,
vitone vikinirukia midomoni, chumvi tupu,
hadi saa nane jirani Mzee Lyimo alipogonga
kuuliza ni bomba gani linavuja.
Alininunulia uniti kumi kwa simu yake.
Pampu ikakohoa.
Nikagundua hata mimi nilikuwa nimebana pumzi.

Leo uyoga umefunguka nusu.
Ngozi bado. Nyota mbili, labda tatu.
Sikudhani ameegemea kabati, anachungulia:
"Taa yenyewe ndogo hivi, itatosha?"
Sijui, namwambia.
Tuko asilimia thelathini.
Jumatatu nitajaribu thelathini na mbili.