Moja, la Kulia

Saa nane za usiku, umeme umekatika Bukavu nzima.
Simu inalia mfukoni mwa koti:
ni Cirhuza, wa zamu, pumzi fupi.
«Shefu, kuna mmoja. Fundi wa mabati. Ameanguka Kadutu.
Mke wake yuko hapa. Niseme nini?»

Usiseme kitu, namwambia.
Tafuta kiti umpe. Tafuta kingine, ukae.
Kama hakuna cha pili, kaa chini.

Nina watu watano na friji moja.
Friji hiyo naijua kuliko mgongo wa mume wangu:
mlio wake ukikatika nasikia kabla ya mlinzi,
natafuta mafuta ya jenereta
kwenye bidoni nililoandika SI YA KUPIKIA.
Watano hao nimewafundisha
kuhesabu saa tangu pumzi ya mwisho,
kumtaja marehemu kwa jina lake,
kutotamka neno macho
kabla mtu hajalia, akanyamaza mwenyewe.
Ntakwinja bado anatamka upesi.
Ana miaka ishirini na mitatu; anaogopa kimya.

Nashuka kwa pikipiki kutoka Nguba,
matope ya mvua ya jioni yananirukia magotini.
Ziwa halionekani. Linasikika tu,
kama mtu anayejigeuza kitandani.

Mke anaitwa Nabintu.
Amefunga kitenge kinyumenyume, kama walioamshwa wote.
Ndugu wa mume wamesimama ukutani, sita,
hawajapatana nani aongee.
Mkubwa wao anasema: «Mnataka kumuuza.»
Hatuuzi, baba. Hatununui.
«Basi ninyi mnapata nini?»

Swali zuri. Mshahara wa miezi mitatu sijauona,
lakini hilo si jibu la kumpa mtu aliyefiwa.
Nasema: kuna mtu haoni. Wiki ijayo huenda akaona.
Simjui jina. Nanyi hamtalijua.

Kimya.
Ntakwinja anafungua mdomo. Namkanyaga mguu.

Ni Nabintu aliyesema, macho sakafuni:
«Chukueni moja.
Jingine mwachieni. Njia ya kwenda kwa wazee wake
ni ndefu, ina giza,
na huyu hakupenda kamwe kushikwa mkono.»

Fomu yetu haina nafasi ya moja.
Ilichapishwa mbali, na watu wenye umeme.
Ina NDIYO, ina HAPANA, ina mstari wa sahihi.
Cirhuza ananiangalia. Ntakwinja ananiangalia.
Ukubwa wa kazi, kumbe, si kiti wala ufunguo wa friji;
ni kuangaliwa hivi
karatasi inapoishiwa maneno.

Nikakata NDIYO. Nikakata HAPANA.
Nikaandika pembeni kwa kalamu ya bluu: moja, la kulia.
Nabintu akaweka dole gumba.
Shemeji akatia sahihi, kubwa, yenye mikia,
kama ile ya kwenye noti.

Cirhuza akafanya kazi yake kwa tochi mbili.
Kile kioo cha jicho, chembamba,
chepesi kuliko gamba la sambaza,
kikaelea chupani.
La kushoto hatukuligusa.
Nilimwona akilifunika kwa pamba hata hivyo,
halafu akaiondoa pamba.

Saa tatu asubuhi mkurugenzi akapiga:
«Kwa nini moja? Hesabu haitoki.»
Imetoka, nikasema.
Akakata. Au mtandao ulikata.

Ntakwinja alikuwa ngazini na kikombe cha chai kilichopoa.
«Shefu, jicho moja linatosha kuona njia?»
Sikujua anauliza njia ya nani,
ya yule aliyekwenda
au ya yule anayesubiri simu yetu bila kujua kwamba italia.
Nilitaka kukaa naye. Nilitaka kumwambia kitu
ambacho mtu mkubwa angepaswa kuwa nacho.

Ndani, friji ikanyamaza.
Nikamtupia bidoni.
Kimbia, nikasema, mafuta.